Sauti ya Rais Kinywani mwa Mchekeshaji

Ukitoka Murera ukashika Barabara ya Thika kuelekea Nairobi, utapita Ruiru, na si mbali utafika Kahawa, kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapo ndipo Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walipokutana wakiwa wanafunzi, wakaja kuwa kundi la wachekeshaji la Redykyulass. Mkuu wa chuo chao, kama ilivyokuwa kwa vyuo vikuu vyote vya umma enzi hizo, alikuwa Rais Daniel arap Moi. Na Moi huyohuyo ndiye aliyeigizwa na Mong'are, akiwa angali Ikulu.

Halikuwa jambo dogo. Watu walishazoea kushusha sauti kila walipolitaja jina lake. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa safu yake ya gazetini, Whispers, alitupwa gerezani mwaka wa 1986. Mong'are akaja na rungu mkononi na ile sauti nzito yenye mikwaruzo. Akavuta neno, akanyamaza, akaangaza macho, ndipo akaendelea. Ufundi wenyewe umo katika kule kunyamaza. Sauti wengi huiga. Lakini kujua mtawala anatua wapi, anakaripia wapi, anangoja makofi wapi, hilo hutaka sikio lililosikiliza miaka na mikaka. Mtu akicheka sebuleni kwake mbele ya runinga, akasikia na jirani anaangua kicheko, hofu iliyomkaa kila mmoja kivyake huanza kumtoka.

Dick Gregory alilijua hilo. Mchekeshaji huyu, Mmarekani mweusi, alifungwa Birmingham mwaka wa 1963 kwa kuandamana, kisha akawa mtu wa kuzunguka vyuoni akizungumza na wanafunzi kuhusu ubaguzi na vita vya Vietnam. Kwanza kicheko, halafu yale mazito. Nauheshimu sana mpango huo, kwa sababu aliyecheka huwa amekwisha kukubali nusu ya hoja.

Kazi hii haijawa rahisi hata leo. Februari 2023 mchekeshaji Eric Omondi alikamatwa nje ya Bunge, Nairobi, akipinga gharama ya maisha.

Nanyi mnaoongoza vyuo vya Ruiru, Juja na Thika, msimwite mchekeshaji aje kupoza umati tu huku mkimsubiri mgeni rasmi. Mwalikeni yeye awe mgeni rasmi, mpeni kipaza sauti, na msimwandikie la kusema.