Mungu wa Machweo Hatoshi

Vijana wenzangu, tuambiane ukweli. Mashairi tunayoandika kumsifu Mungu kwa uzuri wa maumbile yanafanana kama sare za shule. Jua linazama, ndege wanaimba, upepo mwanana unavuma, na ubeti wa mwisho Muumba anapewa sifa zake. Amina. Ukifuta jina la mwandishi, huwezi kujua kama katoka Bariadi, Bukoba au Mbeya. Kwani Mungu aliumba nchi moja tu?

Sipingi imani, la hasha. Mimi ni Mkristo, na ndiyo maana jambo hili linaniuma. Hebu fungua Zaburi ya 104. Mle mna punda-mwitu, korongo, simba wa usiku, na hata wale wanyama wadogo wa miambani, jamaa wa pimbi tunaowaona kwenye mawe yetu ya Usukumani. Mtunzi yule alitazama kwanza, akasifu baadaye. Na Yesu, katika Mathayo sura ya 6, alipowaonyesha watu maua ya kondeni, alikuwa anasema na watu wenye wasiwasi wa chakula na nguo. Hakuwa anapamba hotuba.

Sasa twende kwenye pamba, maana Simiyu bila pamba siyo Simiyu. Ua lake huchanua likiwa na weupe wa maziwa. Kesho yake limekuwa la waridi, kisha linanyauka na kudondoka, nyuma kikabaki kitumba. Mshairi Mkristo akilitazama vizuri atapata mahubiri mazima ya kufa ili kuzaa. Lakini asiishie hapo, bwana! Kuna funza wa vitumba, kuna mvua inayokatika mapema, kuna mkulima anayesimama mbele ya mzani akiisubiri bei. Tukiviacha hivyo nje ya shairi, tunamwambia mkulima yule kwamba Mungu wetu ni wa jioni nzuri tu. Siku pamba yake ikikauka, hatamkuta Mungu huyo kwenye maandishi yetu.

Mwalimu tunaye, tena wa karibu. Mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2012, unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega, na ndani ya ziwa hilo kipo kisiwa cha Ukerewe. Huko aliishi Aniceti Kitereza, katekista wa Kikatoliki. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaoteswa na kukosa mtoto. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Katekista angeweza kuhubiri kila ukurasa. Kitereza hakufanya hivyo. Anaeleza ndizi zinavyogeuka pombe, samaki wanavyovuliwa, miti inavyokuwa dawa. Maumbile kwake ni jembe, chungu na tiba. Ni kitu cha kushikwa. Siyo siri, zipo kurasa zinazochosha, na msomaji mwenye haraka ataziruka. Lakini kwa mtazamo wangu uvumilivu ule wa kutaja kila kitu kwa jina lake ni shukrani kuliko haleluya zetu kumi. Anawatazama watu wa kabla ya mapadri bila kuwadharau, na nchi yao bila kuipaka rangi. Mimi naona imani hapo.

Basi tufanyeje? Kabla hujaandika neno Mungu, andika kwanza majina ya miti mitano ya kwenu. Kama huyajui, muulize bibi. Andika udongo mweusi wa mbuga, unavyonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. Andika ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza ili ng'ombe wapate nyasi wakati wa ukame. Anayeyapitia wakati wa mvua ataona majani marefu tu, mifugo imezuiwa. Mwenye ng'ombe anajua kwa nini. Ukiiandika ngitili sawasawa, na njaa ya ng'ombe ikiwemo, hutahitaji kumweleza msomaji maana ya tumaini.