Mtumba Huu Una Mbawa

Imefika! Hata vumbi la safari sijalifuta na tayari nimeipandisha Wundanyi. Naandika mapaja yakiwaka moto na moyo haujatulia, maana sijawahi kukalia chombo kinachokwenda namna hii. Giant Defy, fremu ya aluminiamu, foki ya kaboni, gia za Shimano Sora: baiskeli ya mbio iliyozeeka kidogo Ulaya, ikashushwa Mombasa ndani ya kontena, na tangu Jumamosi ni yangu, hapa hapa Voi.

Miezi minne nimekuwa nikijiuliza: mpya au mtumba? Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, usingizi ulikuwa umenikimbia. Mfukoni nilikuwa na shilingi 40,000. Kwa pesa hizo, mpya niliyoonyeshwa Nairobi iling'aa kama sufuria ya harusi, lakini kuiinua tu mkono ukalalamika, na nilipozungusha pedali gia ziliruka mara mbili palepale dukani. Mpya yenye vifaa kama vya hii yangu ilitaka zaidi ya laki moja. Hii nimeilipia 31,000. Zile 9,000 zilizobaki ndizo zilizoifanya baiskeli.

Wanaotaka kufuata nyayo zangu, nendeni na rula. Sisemi mzaha, rula ya mtoto wa shule. Pini za cheni zimeachana nusu inchi, kwa hiyo kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya ishirini na tano lazima upate inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka, ibadilishe. Zikizidi kwa moja ya nane, imeshatafuna meno ya gia, na hapo muuzaji akupunguzie kweli kweli au uondoke. Yangu ilisimama kwenye ile moja ya kumi na sita. Cheni mpya, basi, meno salama. Fundi aliyenisindikiza akapitisha ukucha kwenye rimu, pale breki zinapobana, akitafuta kama pameliwa na kuingia ndani. Kisha akaipindua, akamulika kwa simu kwenye maungio chini ya usukani na kwenye pedali. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba hapo huenda ni fremu iliyopasuka, na aluminiamu haichomelewi barabarani. Mwisho akanionyesha namba iliyogongwa chini ya fremu. "Hii ikiwa imekwanguliwa, kijana, usitoe hata shilingi. Utanunua kesi."

Sasa safari yenyewe! Nimetoka Voi kukiwa kumekucha vizuri, maana hii ni nchi ya ndovu na giza si la kuchezea. Kilomita 25 hivi hadi Mwatate ni lami inayoinuka polepole, na hii baiskeli inateleza, jamani, inateleza kama samaki. Nimelelewa juu ya baiskeli ya Black Mamba. Naipenda na itanibebea maji hadi nizeeke. Lakini ile hufikia kilo 20 na ina gia moja. Hii haijafika kumi, na gia zimefichwa ndani ya mikono ya breki: unasukuma kwa kidole, unasikia "tk", na mguu unakuwa mwepesi papo hapo. Nimeifanya mara nyingi hata pasipohitajika.

Baada ya Mwatate unakunja kulia na mlima unakutazama usoni. Waingereza walipojenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta wakati wa Vita vya Kwanza, walipitia Mwatate na Maktau na kuiacha milima hii pembeni. Mimi nimepanda! Meno 34 mbele, meno 32 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita mbili na robo hivi, ukiwa umekaa, ukipumua, kona baada ya kona. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi zaidi ya 1,300. Jasho la tambarare lilikauka njiani, hewa ikawa ya baridi yenye harufu ya udongo mbichi, na bibi mmoja aliyejitwika ndizi akanipungia mkono akisema, "Pole mwanangu, umekaribia." Nilikuwa sijakaribia, lakini maneno yale yalinisukuma.

Kushuka ndiko kunakodai hesabu. Nilikuwa nimeweka raba mpya za breki kabla ya lolote, na nawasihi mfanye hivyo hivyo. Kwenye kona zile raba ngumu za miaka kumi hazina msaada.

Tatizo lipo, na nalisema waziwazi: tyubu na tairi. Dukani Voi utaambiwa chukua ya inchi 28, ni sawa. Si sawa. Tairi ya inchi 28 ya Black Mamba inakalia rimu ya milimita 635. Hizi za 700 zinakalia 622. Tairi ile itapwaya, haitakaa. Na vali za tyubu za 700 ni nyembamba, pampu ya kawaida haishiki bila kiungio kidogo cha shaba. Nimeagiza tyubu nne Mombasa, viungio viwili, na tairi nene zenye ukanda wa kuzuia miiba, upana wa milimita 28. Zimepita kwenye foki kwa nafasi ya milimita chache tu, lakini zimepita. Mwenye kununua mpya angetumia pesa hizi hizi, maana mbigili za Tsavo hazisomi risiti.

Nimefika nyumbani saa saba mchana, nikaigeuza uani na kukagua tairi kwa vidole. Mbigili sita. Nimezing'oa moja moja kwa koleo, nikisikiliza kila mara kama kutatoka ule mlio wa upepo. Kimya. Zote sita, kimya.