Hewa ukaa inapotelea njiani

Kwa wiki tatu nilikuwa nikiilaumu hamira. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji lita moja, sukari gramu 200, hamira robo kijiko cha chai: ndio mchanganyiko wanaoutumia wengi wanaotaka kulisha mimea ya tangi la samaki kwa hewa ukaa bila kununua mtungi. Katika tangi langu la lita 60, hapa Tarime mjini, viputo vilitoka siku mbili, kisha kimya. Ludwigia ikadumaa, majani yake ya chini yakaoza. Valisneria iliyo pembeni yake ikastawi kama kawaida.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Valisneria ikikosa hewa ukaa hujichotea kaboni kwenye bikaboneti iliyomo majini. Ludwigia inategemea zaidi gesi iliyoyeyuka. Taa yao ni moja na maji yao mamoja, kwa hiyo kilichopungua ni gesi. Ama haitengenezwi, ama inavuja, ama inafika majini na kupaa kabla haijayeyuka. Nikaamua kuifuata kuanzia chupani hadi kwenye jani.

Gramu 200 za sukari zikichachuka zote hutoa takriban gramu 100 za hewa ukaa, ambazo ni zaidi ya lita 50. Viputo vichache vya siku mbili haviwezi kumaliza lita 50. Nilichovya kidole nikaonja: tamu kabisa, sukari bado imo. Ulikuwa mwezi wa Julai, na chupa niliiweka chini, kwenye sakafu ya saruji. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyepika pombe ya ulezi tangu usichana wake, aliigusa kwa kiganja akaniambia haijafa, imepoa tu. Vyungu vyake msimu huo hukaa karibu na mafiga. Nikaiweka chupa kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, nikaizungushia blanketi, na baada ya saa chache viputo vikarudi. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kuongeza hamira maradufu. Povu lilipanda mpaka kwenye mpira wa kupitishia gesi na sharubati ikaingia tangini. Siku hizi chupa inakaa juu ya rafu, juu ya usawa wa maji. Usiku ukipoa, gesi husinyaa na kuvuta maji ya tangi, na chupa ikiwa chini, maji hayo yakishaanza kushuka hayasimami.

Lakini kosa kubwa lilikuwa kwenye kizibo. Nilikitoboa kwa msumari wa moto, nikapitisha mpira wa dripu, nikaziba kwa supaglu. Kwa macho kazi ilikuwa safi. Nilipopaka povu la sabuni, kiputo kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti kilivimba ukingoni mwa mpira, kikapasuka, kikaja kingine. Plastiki ya vizibo vya soda haishiki supaglu. Gundi hukauka juu yake kama ganda na kubanduka mara mpira unapopindwa. Dawa ni kuachana na gundi. Toboa tundu dogo kuliko mpira, kata ncha ya mpira mshazari, ipenyeze, ishike kwa plaizi upande wa pili, uvute. Tundu lenyewe litaubana. Mpira wa dripu pia ni bora kuliko ule laini wa silikoni, maana silikoni hupitisha hewa ukaa kwenye kuta zake hata ikiwa nzima. Ila kile kigurudumu cha kubania mpira kiondoe kabisa. Ukikifunga, hamira itaendelea kutengeneza gesi mpaka chupa ipasuke.

Wenzangu wa milimani, msiamini sana hesabu za viputo zilizoandikwa na watu wa pwani. Tarime mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Kiputo cha ukubwa uleule kina gesi pungufu kwa kiasi hicho, na hiyo iliyomo huyeyuka kwa shida zaidi. Afadhali kupima. Chukua maji yaliyokenekwa, tia gramu 0.12 za soda ya kuokea kwa kila lita, ongeza matone ya bromothimoli bluu inayotumika katika maabara, na utundike kichupa chake ndani ya tangi mdomo chini, kikiwa na hewa kidogo. Rangi ya bluu ni njaa. Kijani ni kiasi cha miligramu 30 za hewa ukaa kwa lita, inatosha. Njano ni hatari.

Njano niliiona alfajiri moja, nikiwa nimeshaziba kila tundu. Samaki wangu, aina ya furu, wote walikuwa juu, midomo ikihema kwenye uso wa maji. Umeme ulikatika usiku, pampu inayotikisa maji ikasimama, hamira ikaendelea na kazi. Mto Mara, unaopita kati yetu na wilaya ya Serengeti, una mkasa unaofanana na huo kwa nje: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kinyesi cha viboko kinavyomaliza oksijeni kwenye madimbwi yao, na mvua ikiyasukuma maji hayo chini, samaki hufa. Kule oksijeni imekwisha. Tangini inaweza kuwepo, lakini hewa ukaa ikizidi majini, samaki hushindwa kuitoa ile iliyo katika damu yake, na kuhema hakumsaidii. Nilibadilisha nusu ya maji, nikatikisa yaliyobaki kwa kikombe, nikichota na kumimina kutoka juu, karibu saa nzima. Wote walipona.

Sasa saa kumi na mbili jioni nautoa mpira majini na kuuacha wazi, upumulie chumbani. Umeme ukikatika mchana, nautoa vilevile. Asubuhi nikishawasha taa naurudisha, chini kabisa, mbele ya mdomo wa pampu ili mapanga yake yavikate viputo. Ludwigia imefika juu ya maji, na majani yake mapya yana wekundu.