Koti la Vitufe

Katika filamu ya Neptune Frost kuna koti ambalo ningelitaja kabla sijamtaja mwigizaji yeyote. Analivaa Matalusa, mchimba koltani aliyetoroka mgodini baada ya ndugu yake kuuawa. Limepambwa kwa vitufe vya kibodi, vilevile tunavyovigonga kila siku ofisini na kwenye vibanda vya intaneti, ila hapa vimeng'olewa na kupachikwa kwenye nguo. Ukilitazama huachi kujiuliza ni nani aliyevigonga vitufe hivyo kabla havijawa vazi, na alikuwa akiandika nini: barua ya kuomba kazi, ankara, matusi, au salamu kwa mama aliye mbali.

Fundi wa maleba ya filamu hii ni Cedric Mizero, msanii na mbunifu wa mavazi wa Rwanda. Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu filamu hii, na karibu yote yanasifia ujasiri wake wa kisiasa. Sawa. Mimi nataka kusifia mikono.

Neptune Frost ilionyeshwa kwanza Cannes mwaka 2021, katika kitengo cha waongozaji kinachokwenda sambamba na shindano kuu. Iliongozwa na watu wawili: Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani aliyejulikana tangu enzi za filamu ya Slam ya 1998, na Anisia Uzeyman, mwigizaji mzaliwa wa Rwanda ambaye pia ndiye aliyeshika kamera. Ni bunilizi ya kisayansi yenye nyimbo mwanzo hadi mwisho. Hadithi imewekwa Burundi, lakini baada ya machafuko ya 2015 kupiga picha huko hakukuwezekana, wakahamia Rwanda, walikokuwa wamekimbilia wasanii wengi wa Burundi. Fedha zilipatikana kwa kuungaunga: michango ya watu kupitia Kickstarter mwaka 2018, na watayarishaji wachache wenye majina, akiwemo Lin-Manuel Miranda. Wahusika wanaongea Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, mara nyingine katika mazungumzo hayohayo, na hakuna anayesimama kueleza kwa nini. Aliyewahi kukaa Buyenzi, Bujumbura, hatahitaji maelezo.

Filamu za watu wanaoingia ndani ya kompyuta zimetuzoesha ulimwengu msafi. Tangu Tron ya 1982 tumeonyeshwa mistari ya mwanga juu ya giza lisilo na vumbi, na The Matrix ya 1999, iliyogharimu takriban dola milioni 63, ikaongeza makoti meusi yasiyoshika tope. Tuseme haki: hata Tron ilikuwa kazi ya mikono. Waigizaji walipigwa picha nyeusi na nyeupe, kisha ule mng'ao wa mavazi yao ukaongezwa fremu baada ya fremu, na watu waliokaa mezani kwa miezi wakimulika filamu kutokea nyuma. Ila mikono ile ilitakiwa isionekane. Mtazamaji alipaswa kuamini kwamba mashine imejiwasha yenyewe.

Mizero anakwenda upande wa pili kabisa. Kwake kila kitu kinaonyesha kilikotoka. Waya ni waya, gurudumu la baiskeli ni gurudumu la baiskeli, na ubao wa kijani wa kompyuta bado una alama za mahali palipong'olewa vipuri. Na hakuna hata mtu mmoja anayevaa ile miwani mizito ya uhalisia pepe. Ulimwengu usioshikika unaingiwa kwa njia ya ndoto. Neptune, huntha mwenye kipaji cha udukuzi anayekimbia maisha yake ya awali, anaigizwa kwanza na Elvis Ngabo, kisha, baada ya kugeuka, na Cheryl Isheja. Yeye na Matalusa wanavutwa na ndoto, kila mmoja kwa njia yake, hadi Digitaria, kijiji kisichojulikana na ramani yoyote, kilichosimama juu ya mabaki ya kompyuta. Wakikutana hapo, nguvu za umeme zinaamka, na kijiji kinaanza kuidukua dunia nzima.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kibodi ya kawaida ya mezani, ya mpangilio wa Kimarekani, ina vitufe 104. Yeyote aliyewahi kung'oa kitufe kusafisha makombo ya maandazi anajua kwamba chini yake ni kitundu kitupu chenye kishina katikati. Kitufe hakilali bapa juu ya kitambaa. Ukitaka kilale lazima ukate kile kishina. Ukitaka kukishona lazima utoboe plastiki bila kuipasua. Ukitumia gundi, jasho na jua la mchana vitaijaribu. Kisha kuna swali la uzito. Filamu hii ni ya muziki, waigizaji wanaruka na kucheza, kwa hiyo vazi haliwezi kuwa sanamu. Vitufe vinafaa kwa sababu ni vyepesi. Waya wa shaba unafaa kwa sababu ukiukunja unabaki ulivyoukunja, na unaweza kupanda kichwani kama suke bila kuhitaji fremu. Gurudumu la baiskeli linafaa kuliko vyote: likizunguka, spoku zake zinashika mwanga na kuurusha, nawe unapata athari ya kielektroniki bila betri hata moja. Studio tajiri ingeagiza taa ndogondogo na mtu wa kompyuta wa kuzisafisha baadaye.

Sijui kama ningeona haya yote kama si kamera ya Uzeyman. Filamu yake ya awali, Dreamstates, aliipiga yote kwa simu za iPhone, na nadhani huko ndiko alikojifunza kusogea. Katika Neptune Frost anamkaribia mvaaji hadi vazi linakuwa mandhari. Usiku anatumia rangi za mwilini zinazowaka chini ya taa za zambarau, hivyo uso wa Memory, anayeigizwa na Eliane Umuhire, unaelea gizani kwa mistari na nukta, nusu binadamu, nusu ubao wa saketi. Mchana anarudi kwenye udongo mwekundu na majani, na vyuma vilevile vinaonekana vimechoka. Hakuna hila ya kompyuta ambayo ingenishawishi zaidi.

Sasa, kwa nini takataka hizi na si nyingine? Jibu limewekwa mwanzoni kabisa, katika tukio la mgodini. Wachimbaji wako kwenye shimo la wazi, wanapiga sururu, ngoma zinapigwa. Tekno, ndugu yake Matalusa, anaokota bonge la madini, anasimama, analitazama. Hafanyi kingine. Msimamizi mwenye bunduki anamwamuru arudi kazini, na kwa kuwa hakurudi upesi anampiga, naye anakufa hapohapo. Kosa lake lilikuwa kulitazama jiwe.

Jiwe lenyewe ni koltani, ambamo hutolewa tantalamu, metali isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 3,000 za Selsiasi. Unga wake huokwa hadi kuwa kipande chenye vitundu visivyohesabika, na juu ya kila kitundu hujengwa utando mwembamba mno wa oksidi. Utando huo ndio unaotenganisha chaji na chaji, na kwa kuwa eneo la ndani ya vitundu ni kubwa ajabu, kipuri kidogo kuliko punje ya mchele hutunza umeme mwingi. Ndiyo kapasita. Ukipita kwa mafundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, muombe mmoja akufungulie kompyuta mpakato ya zamani: vile viboksi vya njano au vyeusi vyenye mstari upande mmoja ndivyo hivyo. Mstari huonyesha upande chanya. Fundi akikigeuza kimakosa kinaweza kulipuka usoni mwake, kwa hiyo hukishika kwa kibano huku akiwa amebana pumzi.

Kongo na Rwanda zimo miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kutoa madini haya. Mwishoni mwa mwaka 2000, simu za mkononi na mashine za michezo ya kompyuta zilipokuwa zinagombaniwa Ulaya, Marekani na Japani, bei ya tantalamu ilipaa, na vilima vya Kivu vikajaa wachimbaji na watu wenye bunduki. Leo Rubaya, katika wilaya ya Masisi, bado wanachimba kwa sururu na koleo. Hivyo, vijana walipokaa sebuleni kwao kupigana vita vya kubuni kwenye skrini, vita visivyo vya kubuni vilikuwa vinapiganwa kwa ajili ya vipuri vya skrini hiyo. Baadaye mashine ikizeeka inapakiwa kwenye kontena na kurudi bara hilihili kama mtumba, au kama taka iliyopewa jina la mtumba.

Mizero ameishika safari hiyo yote na kuigeuza nguo. Mchimbaji aliyetoa jiwe ardhini anavaa kile jiwe lilichokuwa baada ya kuzunguka dunia. Si mapambo yaliyobandikwa juu ya hadithi. Ukimvua Matalusa koti lile, nusu ya anachosema inapotea. Na ndiyo maana naona ufukara wa bajeti umeisaidia filamu, ingawa sipendi kusema hivyo, maana kuna watu wakisikia maneno haya wataona ni ruhusa ya kuwalipa mafundi kidogo. Nisieleweke vibaya. Mizero hakuokota vitu kwa kukosa cha kununua tu. Alishajulikana kwa mradi wake wa Fashion for All, uliowaleta watu wa kijijini na vitu vyao vya kila siku katika ulimwengu wa maonyesho ya mitindo, na amekuwa na tabia hiyo ya kuuliza vazi linatoka kwa nani. Bajeti ndogo ilimkuta tayari ana jibu.

Ana ndugu wengi katika kazi hii. Nairobi yuko Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani mikubwa kwa vyuma na vipande alivyookota, miwani ambayo ukiivaa wewe ndiye unayeonekana zaidi kuliko unavyoona. Wakaliga, Kampala, yuko Isaac Nabwana, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo hazingetosha hata chakula cha mchana cha kikosi cha Hollywood. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya zamani, na bunduki za waigizaji wake hutengenezwa kwa vyuma chakavu. Tofauti ni kwamba Nabwana anataka ucheke bunduki hiyo, na unacheka kweli. Mizero hataki ucheke. Ni vigumu zaidi, kwa sababu mtu aliyevaa gurudumu la baiskeli yuko hatua moja tu kutoka kwenye kichekesho, na filamu nzima inategemea asiivuke hatua hiyo.

Mara moja au mbili inavuka, kwa kweli. Kisa chenyewe kina mafundo mengi mno, na kuna dakika ambapo wahusika wanaacha kuongea na kuanza kutoa kaulimbiu. Nusu ya pili inazurura. Mhariri mwenye roho ngumu angekata robo saa pale Digitaria, na asingemkosea mtu. Lakini hata katika sehemu hizo zinazolegea nilijikuta nikitazama kuta, vichwa, mabega, nikitambua vipuri kimojakimoja, na muda ukapita.

Muziki nao umefuata kanuni hiyohiyo ya kuonyesha kila kitu kilikotoka, na hapa sifa zinamwendea Williams, ambaye wahusika hawa alianza nao kwenye albamu ya MartyrLoserKing mwaka 2016, kabla ya kuwapa miili. Midundo mingi ni ya mashine, mikavu, yenye mikwaruzo. Lakini katika wimbo wa mgodini hakuna mashine: ni ngoma za Burundi, sauti za wanaume na mlio wa vyuma vikigonga jiwe, na mapigo ya sururu yanaingia kwenye hesabu ya ngoma hadi huwezi kusema kipi ni kazi na kipi ni wimbo. Baadaye, midundo ya kielektroniki inapoingia kule Digitaria, sikio tayari linajua imetoka wapi. Nyimbo za filamu zilitolewa mwaka 2022 kama albamu, Unanimous Goldmine. Nimeisikiliza kwenye daladala na nyumbani. Nyimbo nzuri zipo, ila katika nyingi naona kuna kitu kimekosekana. Zimezoea kuchezwa na watu waliovaa waya na vitufe, na bila wao zinabaki hip-hop nzuri ya Kimarekani. Ule wa mgodini peke yake ndio unaojitosheleza, na kondakta wa daladala aliniomba niuongeze sauti.