Biti Moja Kati ya A na a

Katika msimbo wa ASCII, herufi kubwa A ina namba 65 na herufi ndogo a ina 97. B ni 66, b ni 98, na kutoka hapo hadi Z tofauti haibadiliki: 32. Toleo la 1963 lilikuwa na herufi kubwa pekee. Ndogo zilipoingizwa katika toleo la 1967, kila moja iliwekwa mahali ambapo biti moja tu huitenga na kubwa yake. Ni mpangilio mzuri sana, na uzuri wake ndio unaoifanya kazi ya kubadili herufi iwe nyepesi.

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, huichukulia herufi kuwa namba. Kwa hiyo kuigeuza A kuwa a ni kujumlisha 32 tu. Lakini ufundi wenyewe umo katika swali linalotangulia: je, hii ni herufi kweli? Biti yenye thamani ya 32 ikizimwa ovyo, tarakimu 1, yenye namba 49, hugeuka kuwa 17, alama ya udhibiti isiyochapika. Fundi mzuri pia huandika 'a' - 'A' badala ya 32, kwa kuwa katika msimbo wa EBCDIC wa IBM pengo ni 64, tena ndogo ndizo zinazotangulia.

Njia iliyo salama zaidi ni fanksheni toupper na tolower, zilizotangazwa katika ctype.h. Nazo zina sharti: namba inayoingizwa iwe ya unsigned char, au EOF. Kwenye mashine nyingi char hubeba pia namba hasi, hivyo baiti inayozidi 127 huingia ikiwa hasi, na kiwango cha C hakielezi litakalotokea. Maneno mawili, (unsigned char), yakitangulizwa, huziba ufa huo.

Kuna lugha zinazoishinda toupper. ß ya Kijerumani kwa kawaida hukuzwa kuwa SS, herufi mbili, ilhali fanksheni hurudisha moja. Herufi ndogo i ya Kituruki hukuzwa kuwa İ, ikibaki na nukta yake. Kiswahili sanifu hakina tatizo hilo: herufi zake zote zimo katika zile 26 za A hadi Z. Hata ng'ombe akianza sentensi, ni N pekee inayobadilika, na ritifaa, kwa kuwa si herufi, hupita ndani ya toupper na kutoka kama ilivyoingia.