Mfano Usiokosea

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakukiona kikokotoo cha grafu, ambacho ni kizuri na bado hujitembeza. Watengenezaji hukitilia tangu kiwandani michoro na programu za maonyesho, ili mtu abonyeze vitufe viwili vitatu na kuona chombo kinaweza nini. Nataka kuyapima maonyesho hayo kama nilivyokuwa nikiyapima masomo ya wanachuo wangu: si kwa uzuri wa ubao, bali kwa kile anachoondoka nacho mwanafunzi.

Tuanze na sifa. Casio fx-7000G, kikokotoo cha kwanza cha aina hii kuuzwa, kilitoka mwaka 1985. Ukibonyeza Graph, kisha sin, kisha EXE, wimbi lilijichora lenyewe. Siri yake ni hii: ukitaka kuchora mlinganyo wako mwenyewe, sharti kwanza useme kila mhimili uanzie wapi na uishie wapi. Katika mchoro wa tayari, vipimo hivyo vimekwisha kuchaguliwa. Katika miaka ya 1990 Casio CFX-9850G ikaifanya michoro itembee. Mlinganyo kama Y=AX+B umo tayari; unataja tu A ianzie ngapi, iishie ngapi, ipande kwa ngapi. Chombo hukokotoa picha zote kwanza, kisha huzionyesha moja baada ya moja, na mstari ukaonekana unainuka kama mkono wa saa unaorudi nyuma. Mwalimu aliyewahi kuchora mistari saba kwa chaki za rangi ili kueleza mwinuko ataelewa kwa nini nakisifu.

Sasa kasoro. Onyesho huchaguliwa na mtu anayelijua jibu, na uchaguzi wake hauonekani. Chukua TI-83 ya mwaka 1996. Ina chaguo liitwalo ZTrig, linalopanga mihimili ili mawimbi yakae vizuri kwenye kioo. Andika sin x, pembe zikiwa katika radiani, utaona takriban mawimbi mawili safi. Lakini grafu nzima ina safu 95 tu za vitone kwa upana. Chombo hakichori wimbi. Hukokotoa nukta 95 na kuziunganisha. Hatua kutoka nukta hadi nukta ni π/24. Basi andika sin 48x. Kwa haki pangetakiwa mawimbi 94, lakini kila nukta inaangukia mahali ambapo thamani ni sifuri, na grafu inalala juu ya mhimili usiione kabisa. Andika sin 49x, na chombo kitakuchorea picha ile ile ya sin x, bila hata kusita. Hakijaharibika. Kimefanya alichoagizwa, na kioo kimedanganya.

Jambo hilo halimo katika maonyesho, wala sishangai. Chuoni tuliyajua masomo ya namna hiyo. Mwanachuo akisikia mkaguzi anakuja, alichagua mlinganyo wa kipeo cha pili wenye majawabu 2 na 3, darasa likajibu kwa sauti moja, na kila mtu akafurahi. Wiki iliyofuata ulipokuja mlinganyo usio na jawabu la namba kamili, wanafunzi wale wale walinyamaza. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa mfano, hawakufundishwa kwa nini mfano ule ulichaguliwa.

Msomaji atasema haya hayatuhusu, maana mtihani wa Hisabati ya Juu hapa Tanzania huruhusu vikokotoo visivyopokea programu tu. Ni kweli, vyombo hivi havikuenea kwetu. Lakini kijana wa leo huchora grafu kwa simu, na simu nayo hukokotoa nukta kadhaa na kuziunganisha. Anayeamini kila wimbi analoliona ataamini siku moja grafu ya mzigo wa daraja au ya kiasi cha dawa mwilini, na nukta zilizorukwa ndizo zilizokuwa na hatari. Kinga yake ni ya zamani: kabla ya kubonyeza, mwanafunzi aseme anategemea kuona nini, mawimbi mangapi na kwa nini. Picha ikitofautiana na alichosema, apate kuuliza nani kakosea.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa usafi wa kazi ningempa mtengenezaji alama za juu. Kwa ufundishaji ningempa nusu, na pembeni ningeandika kwa kalamu nyekundu: ongeza onyesho la pili, na liwe la sin 49x.