Pongezi kwa Wapasuaji wa Mboni Finyu

Mzee wa Mkwajuni mwenye mtoto wa jicho akipewa rufaa ya kwenda Mbeya, huwaza nauli na kisu. Mpasuaji huwaza mboni.

Mboni ndiyo mlango wa kuifikia lenzi yenye ukungu. Kwa kawaida matone huipanua, lakini kisukari, uvimbe wa zamani ndani ya jicho au uzee wenyewe huweza kuiacha finyu. Hapo ufundi huonekana. Daktari hudunga adrenalini iliyozimuliwa, kisha ute mzito wa kuisukuma pembeni irisi, ile sehemu ya rangi inayoizunguka mboni. Mboni ikigoma, huinyoosha polepole kwa vindoano viwili, au huikata ukingoni kidogo sana. Wenye uwezo huweka pete iliyobuniwa na Mrusi, Boris Malyugin.

Heshima yangu kubwa ni kwa wale wa vindoano. Mkono ukiteleza, kifuko cha lenzi huchanika, na lenzi ya bandia huweza kukosa pa kukaa. Na si wote ni mabingwa: Tanzania imewafundisha pia madaktari wasaidizi upasuaji wa mtoto wa jicho.

Wazee wangu, kama mmewahi kumeza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, mwambieni daktari kabla ya upasuaji, hata kama mliiacha zamani. Dawa hiyo hulegeza irisi.